Mvumbika Changa na Mlaji Wake

Methali isemayo mvumbika changa hula mbovu ina hukumu ndani yake, ingawa haikumtaja polisi wala hakimu. Kosa na adhabu vimefungwa pamoja katika maneno manne: yule aliyeliharakisha tunda ndiye atakayelitema. Aitazamaye juu juu huiona kuwa onyo la jikoni. Lakini imejengwa juu ya sharti moja ambalo haikulitamka, nalo ni kwamba mchumaji na mlaji ni mtu mmoja. Yafaa kuuliza hukumu hiyo hubaki wapi sharti lake likiondoka.

Ni taabu kupata tunda lifaalo kulipima swali hili kuliko parachichi. Kiswahili hutenga kukomaa na kuiva, na katika matunda mengi mtengano huo ni mdogo. Embe likikomaa huweza kuiva papo hapo mtini, na rangi yake ikamtangazia habari hiyo hata mpita njia. Parachichi hukomaa mtini wala haliivi huko. Laweza kuning'inia wiki nyingi baada ya kukomaa nalo bado ni gumu. Hulainika likisha kukatwa kikonyo, kwa muda wa siku saba hivi au zaidi, kwa kadiri ya joto. Katika siku hizo hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo ndiyo iamshayo uivaji. Kwa sababu hiyo hufunikwa pamoja na ndizi mbivu, au huzikwa katika pumba za mahindi, ambamo hewa ile haipotei upesi. Mabibi waliofanya hivyo tangu zamani hawakuhitaji kulijua jina la hewa.

Lililochumwa changa halifuati njia hii. Mafuta huongezeka ndani ya tunda kwa kadiri likaavyo mtini, na lililokatizwa kabla ya wakati wake hunywea shingoni, ngozi ikakunjamana, nyama ikawa kama mpira, ladha ikawa maji na uchungu. Jambo zito ni kwamba siku ya kuchumwa, komavu na changa huweza kufanana kama pacha. Mzoefu hutazama kama ngozi imepoteza mng'aro; hulipasua moja apate kuliona ganda la kokwa, ambalo hugeuka toka weupe hadi hudhurungi tunda likikomaa; au huchuma moja, akaliweka ndani, akangoja. Dalili ya ngozi hudanganya. Zile mbili za hakika zadai ama kuliharibu tunda ama kungoja.

Mji wa Mwanza umekaa juu ya majabali, na nyumba nyingi za Mabatini, Igogo na Bugando zimepanda vilima pamoja nayo. Huko mparachichi hupandwa pale udongo ulipopata kina baina ya jabali na jabali, aghalabu nyuma ya jiko, ambapo maji ya kuoshea vyombo huunywesha wakati wa kiangazi. Ziwa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, hupunguza ukali wa joto, na mvua za vuli na za masika huja kila moja kwa zamu yake. Mti huyapenda hayo yote, ila hauvumilii mizizi yake kusimama majini, kwa kuwa maradhi ya udongoni huiozesha. Na mteremko husaidia kuyaondoa maji hayo. Uliooteshwa kwa kokwa huchukua miaka mitano, saba, hata kumi kabla ya kuzaa, na tunda lake huenda lisifanane na la mama yake. Uliobebeshwa huanza katika mwaka wa tatu au wa nne. Mwenye mbuzi naye afahamu kwamba majani ya mti huu yana sumu kwao, asiwafunge chini yake.

Tunda lenyewe likiiva halimhitaji mpishi. Hupondwa kwa chumvi likaliwa kwa ugali na dagaa, hupakwa mkate mahali pa siagi, husagwa kwa maziwa na sukari likawa kinywaji. Watoto hulichota kwa kijiko, ganda likiwa ndilo bakuli.

Methali ingetimia vizuri katika ua wa namna hii, lau ua ungekuwa wa mtu mmoja. Walakini mti wa nyuma ya jiko huonekana na wote. Wapangaji huushiriki ua, majirani hupita chini ya matawi, na watoto watokao shule hawakosi mawe ya kurusha katika mji wa mawe. Mwenye mti ajua kwamba matunda yake yahitaji mwezi mmoja zaidi. Hujiambia, "Nisipochuma leo, kesho atachuma mwingine." Na yule mwingine, ambaye huenda asingaligusa hata tunda moja, huona mwenyewe ameanza kuchuma mapema, akawaza kwamba akichelewa hatapata kitu. Mwisho wake wote hula changa, ilhali hakuna hata mmoja aliyelipenda changa.

Rousseau, katika kitabu chake cha mwaka 1755 juu ya chanzo cha kutokuwa sawa kwa watu, alitoa mfano wa wawindaji wa kulungu. Kila mmoja alipaswa kushika mahali pake. Lakini sungura akipita karibu na mmoja wao, huyo humkimbilia bila kusita, na wenzake wakakosa windo. Mfano wake ni mzuri, ila kishawishi alichokiweka ni tamaa. Katika ua wa Mwanza kishawishi kikubwa ni hofu. Mwenye mti hajimegei ziada. Ajihami asije akakosa kabisa. Tamaa hulaumiwa na hofu huhurumiwa, lakini bakuli la jioni halitofautishi baina ya hizo mbili.

Wasukuma walilitatua fumbo la aina hii katika malisho. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Uzio pekee usingeweza kuilinda. Ililindwa na hakika ya kila mfugaji kwamba jirani naye amewazuia ng'ombe wake, na kwamba mvunjaji atajibu mbele ya wenziwe. Mti mmoja wa uani hauna baraza la kuusimamia, na labda ndiyo maana watu walio waaminifu katika malisho huwa na haraka chini ya mparachichi.

Sokoni mambo huwa magumu zaidi. Mlanguzi hununua mti mzima ungali na matunda machanga. Mti huo huchanua kwa majuma kadhaa, hivyo matunda yake hayalingani umri. Lakini yeye huja siku moja na magunia yake, akayaangusha yote, kwa kuwa safari ya pili ni gharama. Mama mwenye mti huikubali bei ile akijua ni ndogo. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 katika sekondari ya chini, lakini sare na madaftari havikufutwa, na muhula haungoji mafuta yajae ndani ya tunda.

Je, mama huyu ana hatia? Asemaye ndiyo kwa haraka hajawahi kudaiwa. Kuuza tunda changa kwa mtu ajuaye kuwa ni changa si dhuluma; ni kuuza rahisi kitu ambacho kingekuwa ghali. Hatia huingia pamoja na neno moja, "yamekomaa", likisemwa kwa mtu asiyeweza kulihakiki. Mnunuzi hulibonyeza tunda kwa kidole, akaliumiza bila kujua lolote, kisha akaenda zake. Uongo utafunuliwa baada ya wiki, mezani kwa watu ambao msemaji hatawaona kamwe. Hapo ndipo sharti la methali limevunjika: mvumbika changa amekula fedha, na mbovu imeliwa na mwingine. Wengine hutetea kwamba mlanguzi naye angesema kweli asingeuza. Utetezi huo waeleza sababu ya uongo. Hauugeuzi kuwa kitu kingine.

Serikali zimejaribu kulirudisha sharti hilo kwa amri. Mnamo Novemba 2022 Kenya ilisimamisha usafirishaji wa maparachichi ng'ambo kwa njia ya bahari ili kuzuia uchumaji wa machanga. Bandarini amri ya namna hiyo ina meno, maana tunda laweza kukaushwa na kupimwa. Nyuma ya jiko la Igogo hakuna mizani ya kazi hiyo.

Lipo jambo dogo, hata hivyo, linaloonekana katika meza za wauzaji wa mitaani. Muuzaji akalie mahali pamoja kila siku humwuliza mnunuzi kabla ya kumpa tunda, "Mama, unataka la leo au la kesho?" Akiambiwa la keshokutwa, hulitafuta la keshokutwa, akaligeuza mkononi, akalitoa. Kwa swali lile amejitwika siku zijazo za tunda: likikataa kuiva, mnunuzi ajua pa kulirudisha. Yale ya gunia, yaliyopakiwa usiku katika lori la kwenda mbali, hayana wa kuulizwa swali hilo.