Anayejua Hubisha Hodi

Katika nyumba ya kupanga Mabibo, siri haikai. Ukuta mwembamba, uani mmoja. Jirani akinisikia nalia usiku, asubuhi atabisha hodi. Kujua kunamdai. Instagram, watu elfu moja wanaweza kuliona chozi langu, asiwepo hata mmoja anayedaiwa kuja.

Kweli, wapo waliochangiwa matibabu mtandaoni. Lakini hapo anayeanikwa ni mgonjwa, si mimi ninayeandika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaokusanya taarifa zetu. Kumwuliza mama kabla ya kuposti picha yake akiwa kitandani ni adabu yangu mimi. Akikataa, habari zake ziishie kwa wanaomletea uji.