Mikoba Yenye Majina: Ni Pambo au Ni Kiburi?

Mas-ala tuliyoyachagua leo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakayaona ni madogo. Ni mas-ala ya mikoba ya wanawake, ile yenye majina makubwa ya Ulaya kama Louis Vuitton, Gucci, Hermès na Dior, na sababu ya watu kuipenda kuliko mikoba isiyo na jina. Yamkini mtu atatuambia: "Vijana wetu hawana kazi, skuli zetu zataka vitabu, na nyinyi mwakaa kuandika juu ya mikoba?" Jawabu yetu ni kuwa jambo dogo likiingia katika kila nyumba halibaki dogo, na hili limeingia. Katika arusi za miji yetu, Mombasa, Malindi na Lamu, mkoba hutazamwa kabla ya uso wa aliyeushika. Wako wanaoingia katika deni kwa ajili yake. Wako mume na mke wanaogombana kwa ajili yake. Na wako wengine, nao ndio wanaotusikitisha zaidi, wanaojizuia kwenda arusi ya jamaa zao wenyewe kwa kuona haya ya kukaa kati ya wenzao bila ya mkoba wa kuonekana. Kitu kinachomkata mtu na jamaa zake chastahili kufikiriwa.

Swali lenyewe ni hili: mtu akiwa na mali yake ya halali, asiyoidhulumu nafsi ya mtu, kisha akapenda mkoba wenye jina kuliko usio na jina, je, ana lawama? Wako wasemao kuwa ana lawama kwa hali yoyote, kwani huo ni ubadhirifu na kuiga watu wengine. Wako wasemao kuwa hana lawama hata kidogo, kwani mali ni yake na roho ni yake. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimefanya haraka kuhukumu kabla ya kukitazama kitu chenyewe.

Tukitazame basi. Nyumba ya Hermès ilianza mjini Paris katika mwaka 1837, kazi yake ikiwa ni kutengeneza hatamu na lijamu za farasi. Louis Vuitton alifungua duka lake la masanduku ya safari katika mji huo huo mwaka 1854. Gucci ilianza Florence, Italia, mwaka 1921. Watu hawa walikuwa mafundi, na sifa zao walizipata kwa kazi ya mikono. Wakati ule masanduku mengi yalikuwa na mfuniko wa mviringo, hata hayawezi kupangwa moja juu ya jingine; Vuitton akatengeneza sanduku bapa, jepesi, lisiloingia maji. Msafiri aliyelinunua alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa ndani ya sanduku lenyewe. Wazee wetu wamesema: usione vyaelea, vimeundwa. Mwenye kuijua thamani ya kazi njema akailipa inavyostahiki, huyo hatuna neno naye.

Lakini Vuitton alipokuwa amekwisha kufa, waigaji wakazidi, na katika mwaka 1896 mwanawe, Georges, akatia katika turubai ya masanduku yao herufi L na V pamoja na maua, ili mnunuzi aweze kuitambua kazi yao. Alama ile ilikuwa ni ushahidi wa fundi. Tazama ilivyogeuka. Leo alama ndiyo inunuliwayo, na mkoba umekuwa ni chombo cha kuichukulia alama. Wengi wanaoutamani mkoba ule wenye herufi hawajui kwamba mwili wake si ngozi. Ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki, na ngozi iko katika mishikio na pindo tu. Wangaliambiwa wanunue kitambaa kile kile kisicho na herufi kwa bei ile ile, wangalicheka.

Hermès nao wana mkoba uitwao Birkin, waliouanza mwaka 1984, na jina lake ni la Jane Birkin, Mwingereza aliyekuwa mwimbaji na mwigizaji nchini Ufaransa. Mkoba wa kwanza kabisa, aliotengenezewa yeye, aliutumia miaka mingi hata ukachakaa na ukaingia makwaruzo. Tarehe 10 Julai 2025 mkoba huo ulinadiwa mjini Paris ukafika euro milioni 8.6 pamoja na ada za mnada. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kuwa aliyeununua alikuwa akitafuta mahali pa kutilia funguo zake.

Na tuitazame bei, tujue yatoka wapi. Katika mwezi wa Juni 2024 mahakama ya mji wa Milano, Italia, iliiweka chini ya usimamizi wake kampuni moja ya utengenezaji iliyo mali ya Dior. Katika karatasi za kesi ilionekana kuwa karakana iliyopewa kazi ililipwa euro 53 kwa kuunda mkoba mmoja, mbali na ngozi na vifaa, na mkoba ule ukiuzwa dukani euro 2,600. Baadhi ya wafanyakazi walikuwa hawana karatasi za kukaa nchini, wakilala mle mle wanamofanyia kazi. Kampuni ilirekebisha mambo, na usimamizi ukaondolewa Februari 2025. Tena katika mwaka 2018 ilijulikana kuwa Burberry ya Uingereza ilikuwa imeharibu, katika mwaka mmoja, bidhaa zake zisizouzwa za zaidi ya pauni milioni 28, ili zisije zikauzwa kwa bei nafuu na jina likapungua. Mwaka huo huo kampuni ikaahidi kuacha jambo hilo. Sisi hatusemi kuwa kila mkoba umeshonwa hivi, wala kila nyumba hufanya hivi. Twasema kuwa mtu akidhani kuwa bei kubwa maana yake ni kuwa fundi amelipwa vizuri, amejidanganya. Huenda ikawa, na huenda isiwe.

Sasa tuwasikilize wanaoitetea mikoba hii, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja yao ya kwanza ni kudumu. Wasema: afadhali mkoba mmoja mzuri wa miaka kumi kuliko mikoba kumi ya mwaka mmoja mmoja, na rahisi huvunja upishi. Maneno haya ni ya kweli. Walakini ukweli wake hauhitaji jina. Mafundi wa ngozi wako wengi duniani, na hapa kwetu pia wako, ambao mikoba yao hudumu, na bei zao hazifiki hata sehemu ndogo ya zile. Na mwenye kununua kwa ajili ya kudumu hanunui mwingine mwakani kwa sababu rangi imepitwa na wakati.

Hoja ya pili ni uzuri. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipowaonya Masahaba wake juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza khabari ya mwenye kupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Mtume hakumlaumu. Alimfahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hupenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo wale wanaomwambia kila mwenye kujipamba kuwa ni mbadhirifu wamepita mpaka. Mwanamke kupenda mkoba mzuri ni jambo la halali, na dini yetu si dini ya matambara. Lakini tuyatazame vizuri mafundisho yale, kwani yametenga mambo mawili: kuupenda uzuri wa kitu, na kuwadharau watu. La kwanza liko baina ya mtu na kitu chake. La pili liko baina ya mtu na mwenziwe, na hapo ndipo penye mas-ala yetu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni hishima. Sisi watu wa pwani hatuwezi kujifanya hatuijui. Katika miji yetu ya zamani mavazi yalikuwa yakimwambia mtu ni nani. Mtumwa hakuachiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya mabwana. Utumwa ulipofutwa katika sharia, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, waliotoka humo na watoto wao walishika kanga na kofia, na baadaye buibui, na kwa mavazi hayo wakasema bila ya kufungua kinywa: sisi pia ni waungwana. Nani awezaye kuwalaumu? Basi msichana wa leo, anayetoka katika nyumba ya chumba kimoja akatamani mkoba wenye jina, yamkini asema neno lile lile: na mimi pia ni mtu, nitazameni.

Twamfahamu, na hatumcheki. Lakini twamwomba aitazame tafauti kubwa iliyopo. Kanga ilienea kwa sababu kila mtu aliweza kuipata. Buibui liliwafunika tajiri na maskini kwa rangi moja. Kadiri watu walivyozidi kuvaa, ndivyo hishima ile ilivyozidi kuwa ya wote. Mkoba wenye jina hufanya kinyume chake. Thamani yake ni kuwa wengine hawana. Siku utakapokuwa mikononi mwa kila mtu, wale wanaoupenda sasa watauacha watafute mwingine. Thorstein Veblen, mwanachuoni wa Marekani, aliliandika jambo hili katika mwaka 1899: kuwa viko vitu ambavyo watu huvipenda kwa sababu ya ughali wake, wapate kuonekana kuwa wanaweza. Hishima inayonunuliwa hivi haiwezi kumtosha yule msichana, kwani imetengenezwa ili isimfikie. Akiupata mkoba wa kwanza ataonyeshwa wa pili.

Jawabu yetu basi ni hii. Kuupenda mkoba ulio mzuri na wenye kazi nzuri hakuna lawama, uwe na jina au usiwe nalo. Lawama yaanza pale kinachopendwa ni kuwa mwenzio hana. Na kwa kuwa jambo hili limo moyoni, hatuwezi kumhukumu mtu tumwonaye njiani na mkoba wake. Kila mtu na ajihukumu nafsi yake. Twampa maswali matatu ya kumsaidia.

Kwanza, lau jina lingalishonwa ndani, mahali pasipoonekana na mtu, ningaliutaka mkoba huu kwa bei hii? Pili, je, iko haki ya mtu iliyochelewa kwa ajili yake: zaka, deni, ada ya mtoto, mshahara wa mtumishi? Mkoba mmoja wa euro 2,600 unapita mshahara wa mwaka mzima wa watumishi wengi wa nyumbani katika miji yetu, na mara nyingine mtumishi huyo huyo ndiye achukuaye mtoto nyuma ya mwenye mkoba. Tatu, nikiwa nao, je, nitaweza kukaa karibu na asiye nao nikamsikiliza kwa moyo ule ule niliokuwa nao jana?

Ama wanaonunua mikoba ya bandia, yenye herufi za watu zilizoigwa, wao wamejitwika mizigo miwili. Wamekubali kuwa mtu hupimwa kwa alama, na tena wameisema alama hiyo kwa uwongo. Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kujionyesha kuwa anacho asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Mkoba wa ukindu uliosukwa vizuri na mwanamke wa kijijini kwetu una ukweli zaidi.

Wala wanaume wasifurahi kuwa leo tumesema na wanawake. Saa ya mkononi, gari, simu ya mtindo mpya, vyote vyaingia katika maswali yale yale matatu. Na aghalabu mwanamke huutaka mkoba kwa sababu mumewe na wakwe zake wamemzoeza kuwa asiye na kitu hasemeshwi.

Kwa hiyo marekebisho hayawezi kuanza kwa yule asiye na uwezo, kwani akiacha yeye itasemwa kuwa ameshindwa. Yaanze kwa wenye uwezo. Bibi arusi na mama yake, dada zetu wenye biashara, wake wa wakubwa wa mji, na waje arusini na mikoba ya kawaida, tena kwa makusudi, na wakae pamoja na jamaa zao ambao siku hizi hawaonekani. Wakifanya hivyo katika arusi mbili tatu, yule aliyekuwa akijificha nyumbani atatoka. Na sisi tulio watazamaji tuache kuusifu mkoba kabla ya kumjulia hali aliyeushika, kwani mkoba hauna nguvu ila ile tunayoupa kwa macho yetu.

Qurani yawasifu wale ambao wakitoa hawapiti mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali huwa katikati. Huko katikati ndiko tunakowaita ndugu zetu na nafsi zetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye wa kuombwa msaada.