Salamu Nilizopewa Kendu Bay

Daftari lenyewe ninalo bado. Jalada lake la bluu limechujuka hadi kuwa kijivu, na ukurasa wa tisa una jedwali nililolichora kwa rula: idadi ya nyumba, aina ya paa, chanzo cha maji, mifugo, mazao, watoto walioko shuleni. Majibu yote yapo, kwa mwandiko wangu wa miaka kumi na tisa. Nyumba mbili. Nyasi. Ziwa. Mbuzi wanne, wawili wachanga. Linalokosekana ni jambo moja tu, jina la baba wa mtu niliyetumwa kwake, na kwa ajili ya jina hilo nimekuwa mdaiwa tangu Agosti 1984.

Tulikuwa wanafunzi wa ualimu, somo la jiografia, tukifanya ziara ya masomo katika Ziwa Victoria kwa meli ndogo ya Shirika la Reli: Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay, kisha kurudi. Kila bandari tulipewa saa chache za kushuka. Meli ikishusha chumvi, sukari na saruji na kupakia magunia na matenga ya kuku, sisi tulikuwa tukitawanyika vijijini na madaftari yetu. Honi ya kwanza ilikuwa onyo. Ya pili, mwalimu alituambia, haimsubiri mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu. Babu yangu alikuwa kuli bandarini, na habari za ziwa tulizinywa pamoja na chai yake. Reli ilifika hapo tarehe 20 Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence kwa jina la mke wa Preston, msimamizi wa ujenzi wa reli. Meli za mvuke zililetwa kutoka Uingereza zikiwa vipande vipande, zikaja kuunganishwa Kisumu. Baadhi ya vipande vya ile ya kwanza, William Mackinnon, vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi. Babu alipenda kusema kwamba bandarini kila kitu kina karatasi. Gunia lina hati, tenga lina hati, hata jeneza lina hati. Kisha angeongeza kwamba shehena kubwa kuliko zote ilipita bila karatasi, nayo ni salamu.

Alijua anachokisema. Shangazi yangu, binti yake, aliolewa Mwanza. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, MV Victoria, iliyokuwa ikilizunguka ziwa lote tangu 1961, ilibaki upande wa pili. Bibi alikufa mwaka 1981 akiuliza habari za mwanawe. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na salamu za kwanza zilizotufikia mkononi kutoka Mwanza zilikuwa za kumsalimu mama, za mtu asiyejua kwamba mamaye yuko kaburini mwaka wa pili. Nilikuwepo zilipotolewa. Nilimwona babu akizipokea, akiitikia kwa niaba ya maiti. Miezi tisa baadaye nikashuka gatini Kendu Bay, mimi niliyeyaona hayo kwa macho yangu.

Masika ya mwaka ule yaligoma. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa kimo cha goti, na miezi michache baadaye nchi nzima ingekuwa ikila mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Tulikuwa njiani kwenda Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta nje ya mji. Bikizee mmoja alikuwa ameketi kivulini kando ya njia, mguu mmoja ameunyoosha, kwenye kifundo ana kovu bichi la waridi. Nilimwamkia kwa Kijaluo, nikamwita dana, naye akaniita nyathina, mwanangu, akaingia ndani kwa kuchechemea. Alitoka na kibuyu. Alikifuta mdomo kwa kiganja, akachota maji mtungini, akaonja kwanza yeye, kisha akanipa. Yalikuwa baridi na yalinukia moshi. Baadaye nilipoandika "chanzo cha maji: ziwa" ndipo nilipofikiria mguu ule na mwendo wa kutoka ziwani hadi pale.

Alijibu maswali yangu yote. Nilipofunga daftari aliniuliza moja tu: meli yenu inarudi Kisumu? Nikasema ndiyo. Akaniambia mwanawe yuko bandarini, anapakua mizigo. Akanitajia jina, lile wanalopewa watoto wa kiume wa Kijaluo wanaozaliwa jua likishuka. "Mwambie mguu wangu umepona. Mwambie mbuzi wake mwenye baka jeupe amezaa mapacha, na wote ni majike. Na akija usiku asipite njia ya ziwani. Viboko wanatoka sana siku hizi, majani hakuna."

Honi ya kwanza ikalia. Nikasema, "Inshallah, dana, nitamfikishia."

Simbi Nyaima tuliiona kwa robo saa. Maji mazito ya kijani, kingo nyeupe kwa magadi, korongo waridi wachache upande wa mbali. Kisa chake kila mtoto wa Nyanza anakijua. Kijiji kilikuwa katika karamu, akaja mzee wa kike usiku akiomba chakula na pa kulala, mkuu wa kijiji akakataa. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akaambiwa atoke na watu wake, na mvua ikashuka hadi kijiji kikadidimia na ziwa likabaki mahali pake. Mwalimu alitueleza habari za volkano, halafu akatusimulia na kisa, na sote tukaafikiana kwamba ni fundisho juu ya mwenyeji. Ndivyo kinavyohubiriwa, misikitini na makanisani: mpokee mgeni, humjui ni nani.

Miaka mingi imenichukua kuona kwamba siku ile mwenyeji alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wake kabla hatujafika ziwani. Katika mwaka wa njaa, kwa mguu mbovu, alimpa mgeni maji aliyoyabeba mwenyewe. Aliyebaki kupimwa ni mgeni, na juu ya mgeni kisa kimenyamaza. Hakituambii yule mzee wa Simbi, akishakula na kulala, alikuwa na wajibu gani zaidi ya kutoa onyo.

Kisumu nilikwenda bandarini mara moja. Askari wa getini aliniuliza jina la baba wa huyo ninayemtafuta. Sikuwa nalo. Alicheka bila ubaya, akageuka na kuliita jina nililompa kwa sauti, na wanaume watano wakainua vichwa kwenye magunia. Mmoja baada ya mwingine niliwauliza kama kwao ni Kendu Bay. Wawili walisema ndiyo. Wote wawili mama zao walikuwa wamefariki. Wa zamu ya usiku, nikaambiwa, wako wengine, njoo jioni. Jioni sikwenda. Wiki iliyofuata kulikuwa na mtihani, na baada ya mtihani nilipangiwa mafunzo ya kufundisha shule ya mbali. Jedwali langu lilipata alama nzuri.

Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini nilipompelekea jambo hili maalim wangu wa madrasa. Nilitaka kufunguliwa, nisiseme uongo. Alinisikiliza, akanieleza kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelizungumza zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 huko Sham, anahesabu salamu ulizokabidhiwa kuwa ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. Ibn Hajar wa Misri, karne mbili karibu baada yake, akapambanua: ukikubali kuzibeba, ni amana shingoni mwako; usipokubali, ni kama kitu ulichoombwa kukihifadhi ukakataa kukipokea, na hudaiwi. Kisha maalim akanikumbusha kwamba Mtume mwenyewe alibeba salamu: za Jibril kwa bibi Aisha, na kabla ya hapo salamu za Mola kwa bibi Khadija zilizoletwa na Jibril huyo huyo. Kazi waliyoifanya malaika na Mtume, alisema, si kazi ndogo.

"Lakini nilisema Inshallah, Maalim."

"Mwanangu, ulikusudia sharti au baraka?"

Swali hilo lina uzito katika sheria ya viapo. Anayeapa akaambatanisha Inshallah kwa nia ya sharti, kiapo hakimfungi. Aliyeitamka kwa kutafuta baraka tu, kinamfunga. Nilifikiri usiku kucha. Sharti sikukusudia, sikuwa na mashaka yoyote kwamba nitafika Kisumu. Baraka sikuikusudia pia. Nilikusudia kuondoka. Honi ilikuwa imelia, nami nikalitumia jina la Mwenyezi Mungu kufunga mazungumzo, kama mtu anavyoufunga mlango kwa adabu. Nilimrudia maalim nikamwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema basi madeni yako ni mawili.

Watu wa fikra siku hizi huzilaumu ziara za saa chache. Mtu hawezi kuijua nchi kwa saa tatu, husema; anapiga picha, anajaza fomu, anakwenda zake. Nimewasikia wakisema hivyo Dunga, wakiwatazama wanafunzi wa ng'ambo wakishuka kwenye mashua, na nimewasikia Kit Mikayi, waumini wakiwa wanasali chini ya miamba huku wageni wakiipanda. Siwapingi katika mengi. Lakini lawama hiyo inachukulia kwamba mwenyeji anatamani kujulikana, na bikizee wangu hakutamani hilo. Majirani zake walimjua vya kutosha. Alichokosa ni mtu wa kuondoka. Katika watu wote waliopita njia ile asubuhi ile, thamani yangu kwake ilikuwa kwamba saa nane sitakuwepo tena. Kule kuondoka kwetu, tunakokuonea haya, ndiko alikokuhitaji, na ndiko nilikomdhulumu.

Ndiyo maana katika miaka thelathini na zaidi ya kufundisha, kabla ya kuwashusha wanafunzi wangu mahali popote, Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya au soko la samaki la Mbita, niliwafundisha kukataa. Waliona ni ukosefu wa adabu. Kuna siku pale Rusinga mvuvi mmoja alimwomba mwanafunzi wangu ampelekee dada yake wa Kisumu ujumbe juu ya karo ya mtoto. Kijana alijikaza, akasema, "Baba, mimi baada ya hapa naenda kwetu Busia, Kisumu nitapita usiku tu." Mvuvi hakukasirika hata kidogo. Alimshukuru, akaenda kwa dereva wa basi letu, na dereva akatoa kalamu akaandika jina la dada, jina la mume wake, mtaa, na rangi ya mlango. Nilisimama pale nikimtazama dereva akiandika rangi ya mlango. Ujumbe ulikataliwa na mmoja ukampata mwenyewe kupitia kwa mwingine. Mimi wa 1984, kwa neno moja tamu, nilimzuia yule mama kumtafuta mwingine. Meli ilikuwa imejaa abiria wa Kisumu.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu kufa maji, nilikaa na redio siku nzima kwa ajili ya jamaa zetu wa kule. Pamoja na hofu nilikuwa na wazo ambalo sikumwambia mtu: kila abiria wa meli ile alikuwa amebeba salamu za mtu fulani. Wale Mungu amewasamehe, hapana shaka, ziwa liliwazuia. Mimi sikuzuiwa na kitu.

Nimerudi Kendu Bay. Nilikwenda kwa barabara, kupitia Ahero na Katito, baada ya ziwa kufurika mwaka 2020 na kuvuka kimo chake cha 1964. Sikuweza kupajua mahali. Niliuliza kwa kutumia nilichokuwa nacho, jedwali langu: nyumba mbili, nyasi, mbuzi wanne. Mama mmoja wa makamo aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mwalimu, hapa kila mtu alikuwa na nyumba mbili za nyasi." Aliniwekea kiti na kunipa maji. Nilipoinuka aliniambia nikifika Kisumu niwasalimu watu. Nilimwuliza watu gani, kwa majina. Akataja mmoja, mjomba wake wa Nyalenda. Niliandika jina lake, la baba yake, na kanisa lililo karibu na nyumba yake, na siku ya pili asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

Maalim, kabla hajafariki, aliniambia kwamba amana haifi na mwenyewe. Hupelekwa kwa warithi. Basi naiweka hapa, kwa lugha ambayo hata mjukuu anaweza kuisoma.

Wewe uliyekuwa ukipakua mizigo bandarini Kisumu mwaka 1984, uliyezaliwa jua likishuka, ambaye mama yako alikaa kando ya njia iendayo Simbi, au wewe mwanawe: mama anakusalimu. Mguu wake umepona. Mbuzi wako mwenye baka jeupe amezaa mapacha, na wote ni majike. Ukija usiku usipite njia ya ziwani.