Mgeni Akianguka, ni wa Nani?

Liko swali ambalo hupita katika kurasa za michezo kama jambo dogo, lakini ukilichimba utaona linagusa dhamiri. Mtu akiisha kupokewa na watu wa nchi nyingine, akawafanyia kazi na kuwaletea sifa, kisha akaonekana ametenda kosa, je, kosa lile ni la nani? Na wale wanaotuandikia habari zake wana haki ya kumvua uraia kwa kalamu tu?

Tuchukue mfano wa Ben Johnson. Alizaliwa Falmouth, Jamaika, mwaka 1961, akahamia Kanada mwaka 1976 akiwa kijana wa miaka 14. Mbio alifundishwa Toronto. Mwaka 1984, huko Los Angeles, aliiletea Kanada nishani ya shaba katika mita 100. Tarehe 24 Septemba 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, alimshinda Carl Lewis wa Marekani kwa sekunde 9.79, mwendo ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia kabla ya siku ile. Waziri Mkuu wa Kanada alimpigia simu ya pongezi huku taifa zima likitazama kwenye televisheni. Siku tatu baadaye alinyang'anywa nishani, kwa kuwa mkojo wake ulipopimwa ulionekana una stanozolol, dawa iliyokatazwa ya kuongeza nguvu.

Kosa lilikuwa kweli. Mwaka uliofuata alikiri mbele ya tume ya Jaji Charles Dubin. Mwaka 1993 alinaswa tena, akafungiwa maisha. Hatuandiki hapa ili kumtakasa. Mwizi wa ushindi ni mwizi, na waliokimbia naye waliibiwa.

Lakini tazameni yaliyotokea katika magazeti. Watu wengi nchini Kanada kwenyewe waliliona jambo hili, na limesemwa tangu wakati ule mpaka leo: aliposhinda aliandikwa Mkanada, kashfa ilipozuka akawa Mkanada mwenye asili ya Jamaika, haukupita muda akawa Mjamaika. Mtu ni yule yule, na hati yake ya kusafiria ni ile ile.

Sisi tuliozeeka na chaki mkononi tunajua kazi ya kivumishi. Mwanafunzi akiandika "mtu mrefu aliiba kuku", mwalimu humwuliza, "Urefu wake unahusu nini katika wizi huu?" Kama hauhusu kitu, ufute, na ukiuacha, msomaji ataanza kuwatazama warefu wote kwa shaka. Neno halihitaji kuwa la uongo ndipo lidanganye. Kwamba Johnson alizaliwa Jamaika ni kweli tupu, lakini kweli iliyowekwa kabatini siku ya shangwe na kutolewa siku ya aibu imekwisha kupewa kazi nyingine. Amri ya kukataza ushuhuda wa uongo, kwa maoni yetu, haikuishia kwenye maneno yasiyo kweli.

Atakuja mtu aseme kwamba mahali alipozaliwa mtu ni sehemu ya habari zake, na mwandishi hana budi kukitaja. Tunakubali. Na litajwe basi siku ya nishani kwa herufi zile zile na ukubwa ule ule. Isitoshe, Jamaika ilihusika vipi? Dawa zile hazikutoka Falmouth. Tume ya Dubin ilisikia kwa kirefu kwamba zilianza kutumiwa mwaka 1981, Johnson akiwa amekwisha kukaa Kanada miaka mitano, tena kwa ushauri wa kocha wake, Charlie Francis, ambaye alieleza yote kwa kiapo. Francis alikuwa Mkanada wa kuzaliwa. Alitenda kosa akiwa Mkanada, akakiri akiwa Mkanada, wala hakuna aliyekwenda kumtafutia kijiji cha babu yake ng'ambo ya bahari. Mwanafunzi alirudishwa kwao kwa maandishi, mwalimu akabaki nyumbani. Na mwaka 1993, waziri aliyeshughulikia michezo huko Kanada alisema waziwazi kwamba afadhali Johnson afikirie kurudi Jamaika. Hapo kivumishi kilikuwa kimekwisha kuota miguu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, akalima miaka kumi na miwili, na mavuno yakaliwa na wenyeji. Mtu aliyekwisha kushika jembe lako si mgeni tena. Akivunja mpini, amevunja mpini katika shamba lenu nyote. Nyumbani tunakujua sana kuhama huku. Mtoto akifaulu, baba husema "mwanangu". Akifukuzwa shule, humgeukia mama na kusema "mwanao". Akina mama wanaosoma hapa hawahitaji maelezo zaidi.

Upande wetu wa Afrika Mashariki jambo hili lina sura ya pili. Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya, alishinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Rio mwaka 2016, akiikimbilia Bahrain. Eunice Kirwa, naye mzaliwa wa Kenya, alipata fedha ya marathoni katika michezo ile ile kwa bendera ile ile. Wote wawili baadaye walifungiwa miaka minne kwa ajili ya dawa iitwayo EPO. Nishani zilihesabiwa Bahrain. Lakini keti na watu wanaofuata riadha, usikie makosa yao yanahesabiwa wapi. Na aliyeshinda marathoni ile, Jemima Sumgong wa Kenya, naye alinaswa kwa EPO mwaka 2017. Tangu hapo kijana wa Iten anayekimbia kwa mapafu yake na uji wa mama yake akishinda ugenini, humkuta mwandishi amemngoja na swali la dawa kabla ya pongezi. Kumwuliza si dhambi. Kumhukumu kwa jina la nchi yake ndiyo dhambi, maana hapo kosa la mmoja limegawanywa kwa maelfu kama urithi.

Katika mfano wa Mwana Mpotevu, yule kaka mkubwa hakukubali kumtaja aliyerudi kuwa ni ndugu yake. Alimtaja kuwa ni mtoto wa baba. Baba alipojibu alilirudisha neno la undugu mahali pake, bila kusema kwamba mali haikuliwa. Twaona waandishi wa habari wangefanya vema kuwa na ujasiri huo: kuandika "Mkanada wetu amedanganya", kisha kuuliza ni nani waliomfundisha, na ni nani walionyamaza.

Maana walikuwapo walionyamaza. Mwaka 2003 zilitolewa hati kwamba Carl Lewis, aliyekabidhiwa dhahabu ya Johnson, alionekana na vichangamshi vilivyokatazwa katika mashindano ya mchujo ya Marekani mwaka 1988 huo huo, akasamehewa kwa hoja kwamba hakukusudia. Katika wakimbiaji wanane wa fainali ile, zaidi ya nusu walikuja kuguswa na habari za dawa, wakati ule au miaka ya baadaye.

Calvin Smith wa Marekani hakuguswa. Aliwahi kushika rekodi ya dunia mwaka 1983 kwa sekunde 9.93, na siku ile ya Seoul alifika wa nne kwa sekunde 9.99. Johnson alipoondolewa, Smith alipewa shaba. Waulizeni vijana wenu wanaopenda riadha kama wamewahi kulisikia jina lake.