Cheo na Mwenye Cheo

Katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris ipo picha ya rangi za mafuta ya Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliyoichora Anthony van Dyck yapata mwaka 1635. Mfalme ameshuka kwenye farasi, yuko mawindoni. Amesimama juu ya kijiinuko, mkono mmoja kiunoni, kiwiko kikimwelekea mtazamaji, na mkono wa pili umeshika fimbo. Koti lake la hariri linametameta kama fedha, suruali ni nyekundu, kofia ni nyeusi na pana. Hana taji wala kiti cha enzi. Lakini nyuma yake farasi ameinamisha shingo, na matawi ya mti yamemfunika kwa juu kama mwavuli wa kifalme. Anatutazama kwa upande, bila haraka, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa alikuwa wapi.

Charles mwenyewe alikuwa mfupi, na kigugumizi kilimsumbua maisha yake yote. Van Dyck aliushusha mno mstari wa upeo, hivyo sisi ndio tunaoinua macho kumwona. Wapo wanaosema huo ni uongo. Mimi sikubali. Mchoraji huyu hakuajiriwa kupima urefu wa mtu. Alitakiwa kuonyesha cheo, nacho cheo hakuna aliyewahi kukiona kwa macho. Hakina rangi, hakina uzito. Kinaonekana kwa alama moja tu: wengine wanapoinama. Ndiyo maana katika picha hii mfalme amenyooka, na hata mnyama anaijua nafasi yake.

Ilichorwa katika miaka ambayo Charles alitawala bila Bunge, kuanzia 1629 hadi 1640. Aliamini kwa dhati kwamba Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba hakuna mwanadamu wa kumhoji. Kwa imani hiyo, cheo na mwenye cheo ni kitu kimoja. Huwezi kuvitenganisha zaidi ya unavyoweza kumtenganisha mtu na damu yake. Hata hivyo picha zake zenyewe zilikuwa zikivitenganisha kila siku. Wasaidizi wa van Dyck walizinakili, zikatundikwa katika kumbi ambazo mfalme hakukanyaga, na watu wakauona ufalme pale ambapo mfalme hakuwapo.

Vita vilipozuka mwaka 1642, Bunge lilipigana na mfalme kwa jina la mfalme. Hoja yao ilikuwa kwamba mamlaka ya kifalme yanaweza kutekelezwa na Bunge hata kama Charles mwenyewe anapinga. Waliomtetea waliiona kuwa hila tupu. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa fikra nzito kabisa za karne ile, kwa sababu inauliza swali ambalo kila utawala hulikwepa: cheo kinakaa wapi, kwa aliyekibeba au kwa wanaokiheshimu?

Jibu lilionekana Januari 1649, katika ukumbi wa Westminster, Charles, akiwa ameshindwa vitani, alipofikishwa mbele ya mahakama. Mwendesha mashtaka, John Cook, alipoanza kuzungumza, mfalme alimgusa kwa fimbo ili anyamaze. Walioshuhudia wanasimulia kwamba kichwa cha fimbo, kilichokuwa cha fedha, kilichomoka kikaanguka sakafuni. Charles akasubiri mtu akiokote. Hakuna aliyesogea. Akainama, akakiokota mwenyewe.

Yule yule ambaye farasi alimwinamia mbele ya van Dyck! Hakuna sheria iliyobadilika katika sekunde zile, wala hakuna tamko lililosomwa. Watu hawakuinama tu, basi. Mchoraji hodari anaweza kuchora utii ukabaki turubaini karne nne, lakini hawezi kuuingiza katika mgongo wa mtu aliye hai. Ukweli wa cheo uko katika migongo hiyo, na ndiyo sababu hakiwezi kuwa mali ya mtu. Kwetu tunasema cheo ni dhamana, na Charles alikiona kuwa urithi.

Lakini nitamtendea haki. Edward Bower naye alimchora jinsi alivyokuwa wakati wa kesi: nguo nyeusi, kofia kichwani, ndevu zimeanza mvi, ameketi. Bower hakumfikia van Dyck kwa ustadi, na picha yake haina matawi ya kumfunika mtu wala farasi wa kumsujudia. Mtu aliyemo hana wa kumwinamia tena, ila uso hautetereki. Mbele ya mahakama alidai kuelezwa ni kwa mamlaka gani anashtakiwa, akakataa kujibu mashtaka. Utulivu ule hakuupewa na cheo, kwa maana cheo kilikuwa kimekwisha kuondoka. Ulikuwa wake. Kwa hiyo naiona picha ya Bower kuwa ya heshima zaidi, ingawa ile ya Louvre ndiyo nzuri zaidi.

Charles alikatwa kichwa London tarehe 30 Januari 1649. Picha ya mawindoni ilikuja kununuliwa mwaka 1775 na Louis wa Kumi na Sita, mfalme wa Ufaransa. Naye alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, na picha ikabaki kuwa mali ya taifa la Wafaransa.