Jicho la Mgeni na Haki ya Kuhukumu

Je, mgeni ana haki ya kuuhukumu mji aliofika jana? Wengi wetu tunaosoma nje ya nchi zetu hulijibu swali hili kwa vitendo kabla ya kulifikiria. Wiki ya kwanza haijaisha, tumekwisha kupiga simu nyumbani na kueleza watu wa huku wakoje.

Mimi nilihamia Kampala kutoka Bujumbura. Siku ya pili nilikwenda sokoni, nikamwamkia mama mmoja muuza ndizi: "Shikamoo, mama." Hakuitika. Alinitazama kidogo, akamgeukia mteja mwingine. Hilo nililiona kwa macho yangu na hakuna wa kunibishia. Lakini kutoka "hakuitika" hadi "watu wa Kampala wana kiburi" kuna mto mpana, na macho pekee hayawezi kumvusha mtu. Nilimuuliza mwenyeji niliyepanga naye chumba. Alinieleza kwamba wazee wengi wa hapa wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari. Idi Amin alitawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, na jeshi lake lilitumia Kiswahili. Amri za vizuizini zilitolewa kwa lugha hiyo. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imekifanya kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haifuti kumbukumbu. Huenda hiyo ndiyo sababu ya mama yule. Huenda pia alikuwa na haraka zake tu.

Kwa mfano huo, mtu angesema: basi mgeni anyamaze mpaka azoee. Sikubaliani naye, kwa sababu kuzoea nako kuna hatari yake. Siku hiyohiyo niliona bodaboda imebeba baba, mama na mtoto mdogo nyuma ya dereva, wote bila kofia ngumu, ikipenya katikati ya magari. Nilishtuka. Wenyeji hawakugeuza shingo, na hata Warundi wenzangu walionitangulia kwa mwaka mmoja tu hawakugeuza. Nani aliona vizuri zaidi hapo? Mtoto yule akianguka, lami haitamuuliza kama watu wamezoea. Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone," nadhani walijua kwamba jicho lisilozoea linaweza kuwa dawa.

Kuna pia mambo ambayo si mgeni wala mwenyeji anayeweza kuyaamua peke yake. Katika familia za Kiganda, wasichana hupiga magoti wanapowaamkia wakubwa. Mgeni huona unyonge. Mwenyeji huona heshima. Nilimuuliza mwanafunzi mwenzetu ambaye nilimwona akipiga magoti mbele ya mjomba wake. Akasema mbele ya bibi yake hupiga magoti kwa furaha, ila mbele ya mume atakayempata siku moja angependa kwanza aulizwe anapendaje. Kisha akaongeza: "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Jibu lake halikuwa ule unyonge anaouona mgeni, wala halikuwa mila tupu. Lilipatikana kwa sababu mtu asiyezoea aliuliza.

Kwa hiyo natofautisha kuona na kuhukumu. Kuona ni haki ya mgeni tangu siku ya kwanza, tena siku ya kwanza ndiyo anayoona mengi zaidi. Kuhukumu kunahitaji mashahidi, na mashahidi wa mji ni watu wanaoishi ndani yake. Mwanafunzi anayehamia mji wa ugenini ayaandike mapema anayoyaona, kabla mazoea hayajayafuta, kisha ayapeleke kwa wenyeji kama maswali badala ya kuyapeleka nyumbani kama hukumu. Palipo na uhai wa mtu, kama kichwa cha mtoto barabarani, asisubiri kukaa miaka mitatu ndipo aseme.

Wapo watakaomwambia kwamba heshima ya mgeni ni kufumba macho. Lakini wahenga haohao walituachia neno jingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mmoja wa nyumba, na hakuna awezaye kulima akiwa amefumba macho.