Je, Moshi Hauna Mwenyewe?

Mtu akimtupia jirani yake jiwe akampasua kichwa, hapana mwenye akili atakayeuliza kama amekosa: jiwe laonekana, mkono uliolitupa waonekana, na damu yaonekana. Ama yule awashaye taka za plastiki nyuma ya nyumba yake jioni, moshi ukaingia dirishani kwa mgonjwa wa pumu wa nyumba ya tatu, hulala usiku wake kwa raha. Je, tofauti ya wawili hawa ni tofauti ya kosa, au ni tofauti ya macho yetu tu?

Yatupasa kwanza tujue moshi wafanya nini. Masizi tuyaonayo ukutani siyo yenye khatari kubwa. Khatari ni ya chembe zisizoonekana, ambazo upana wake hauzidi mikroni 2.5, igawe milimita moja mafungu elfu, kisha utwae mafungu mawili na nusu. Pua haizizuii, wala kikohozi hakizitoi. Hushuka hadi katika vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya zikaingia damuni. Ndiyo sababu matabibu husema kwamba moshi hauleti pumu na kikohozi tu, bali pia maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mtu huanguka sokoni kwa moyo, na katika waliohudhuria hapana akumbukaye moshi.

Wanavyuoni wa fiqhi hawakughafilika na mas'ala haya. Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis katika karne ya 14, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na miongoni mwa madhara aliyoyajadili ni moshi wa matanuri na hamamu unaowaudhi majirani. Lakini katika mashauri kama hayo mwenye tanuri ni mmoja, naye ana jina na mlango wa kubishiwa hodi. Itakuwaje wenye moshi wakiwa ni mji mzima?

Hayo ndiyo yaliyotokea London, Desemba 1952. Kwa siku tano, tangu tarehe 5 hadi 9, baridi ilikuwa kali na upepo umetulia. Moshi wa makaa ya mawe, wa dohani za majumba na wa mitambo ya umeme, ulikosa njia ya kupanda, ukaulalia mji pamoja na ukungu, hata watu wakatembea mchana kwa kupapasa. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa kiasi cha 4,000; wachunguzi wa baadaye wamekisia 12,000. Ni nani aliyewaua? Kila mwenye nyumba aliwasha moto ili wanawe wapate joto, na jambo hilo peke yake ni jema. Lau ungalimshika mmoja ukamwambia kuwa ameua, angalikuapia kwamba makaa yake ya siku ile hayakujaza ndoo, naye angalisema kweli. Lakini makaburi yalichimbwa. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 haikumtafuta muuaji. Ilikataza moshi mweusi, ikaruhusu kutengwa mitaa isiyowashwa makaa yenye moshi, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama za kubadili meko.

Hata hivyo moshi uliendelea kutoandikwa jina. Katika mji huo huo, mtoto wa kike wa miaka 9, mwenye pumu, aliyeishi karibu na barabara kubwa, alifariki mwaka 2013. Ilikuwa Desemba 2020 ndipo afisa achunguzaye vifo alipotamka kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, jambo lisilopata kuandikwa Uingereza kabla ya hapo.

Na hapa kwetu Mombasa, watu wa Owino Uhuru walivuta moshi wa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Hao mwenye moshi wao walimjua. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitengua hukumu mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ikiwa mwenye moshi ajulikanaye hushikwa kwa taabu hiyo, tusishangae kwamba asiyejulikana hajioni kuwa na deni.

Yuko atakayeuliza: basi na mama apikaye kwa mkaa katika chumba kimoja, naye ni mkosa? La, huyo ndiye wa kwanza katika waliodhulumiwa, yeye na mtoto aliye mgongoni mwake. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua watu usiku mmoja. Dhima iko kwa mwenye uwezo: mume anunuaye televisheni kubwa na akaona mtungi wa gesi ni anasa, na mwenye nyumba apangishaye chumba kisicho na tundu la moshi. Wazee wetu wa Lamu, katika nyumba zao za mawe, waliweka jiko juu darini ili moshi uende zake. Sisi twaweka dirisha moja, nalo laelekea ukuta wa jirani.